Kula Lubumbashi bila kuishia kwenye dripu: mwongozo kamili kwa mgeni wa kutoka Dar, Mombasa au Nairobi

Mgeni wangu akifika Lubumbashi kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza kumtisha ni viwavi. Anaviona sokoni vimejaa beseni, vyeusi, vimekauka kama vipande vya waya, na mama anavipima kwa kopo. Mgeni anaziba pua, ananiomba tuondoke. Jioni ileile namkuta hotelini anakunywa juisi iliyojaa barafu. Asubuhi simu inalia: tumbo. Na viwavi hajagusa hata kimoja.

Kazi yangu ni karatasi za forodha za mizigo inayopita Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwa hiyo napokea watu wengi: madereva wa malori waliotoka bandari ya Dar es Salaam, wauza vitenge, mafundi wanaokwenda migodini. Wote lazima wale, na wengi huniuliza swali moja: "Hiki kinalika?" Swali lenyewe halisaidii. Karibu kila kinachopikwa hapa kinalika. Afadhali uulize mawili: kimetoka motoni lini, na tangu kitoke motoni kimeguswa na nini? Ukiyashika hayo utakula bukari (ugali), sombe (kisamvu), michopo (mbuzi wa kuchoma) na hata vinkubala (viwavi vilevile), urudi kwenu mzima.

Halafu kuna kosa la mgeni wa Afrika Mashariki, la kujiona si mgeni. Mzungu akija huwa na woga wake, hubeba maji yake na hunawa kila dakika. Wewe unasema umekula mihogo ya kando ya mtaro tangu utotoni, Kongo itakufanya nini? Tumbo lako limezoea vijidudu vya kwenu. Vya hapa hujajuana navyo, na vyenyewe havijali kwamba mnaongea lugha moja.

Hatua ya 1: Kabla ya kuvuka mpaka

Cheti cha homa ya manjano unakijua, bila hicho utasumbuliwa mpakani. Hakina uhusiano na chakula, lakini ukiwa tayari kwenye chumba cha chanjo uliza na ya taifodi. Ichomwe angalau wiki 2 kabla ya safari ili iwahi kufanya kazi. Chanjo ya kipindupindu ya kunywa ipo pia, na inafaa zaidi kwa anayekwenda mbali na mji, upande wa ziwa Mweru au Kalemie kwenye Tanganyika, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Hakuna kati ya hizo inayokinga kwa asilimia 100, kwa hiyo usichanjwe leo ukaanza kunywa maji ya kisima kesho.

Kwenye begi weka pakiti 6 za chumvichumvi za kuongezea maji mwilini (ORS), vidonge vya klorini vya kutibu maji, kipimajoto, kipande cha sabuni, kikombe na kijiko chako mwenyewe. Kitu kimoja ambacho wengi hukidharau ni chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto. Chakula kinachokaa juu ya nyuzi 60 hakiwapi bakteria nafasi ya kuzaana, na chupa nzuri ya mdomo mpana huweka maharage moto tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ioshe kwa maji yanayochemka kabla ya kutia chakula, na ukitie chakula kikiwa bado kinatoa mvuke.

Hatua ya 2: Saa 48 za kwanza

Umelala ndani ya basi au kwenye lori siku kadhaa, saa yako iko mbele kwa saa 1 kuliko ya hapa, na njaa inakushika kabla chakula cha malewa, migahawa yetu, hakijaiva. Usianze na sherehe. Siku 2 za kwanza kula vya moto na vya kawaida: bukari, maharage, yai la kuchemshwa, ndizi uliyoimenya mwenyewe.

Kisha ongeza kitu kimoja kipya kwa kila mlo. Ukila vinkubala, chikanda (keki ya viazi vya porini), sombe na munkoyo (kinywaji cha mahindi) kwa mpigo halafu ukaharisha, hutajua nani mkosaji na utavichukia vyote. Pia si kila tumbo likilegea kuna ugonjwa. Sombe ya hapa hupikwa na mawese, na pilipili yetu ni kali. Mtu aliyezoea mafuta ya alizeti anaweza kwenda chooni mara 2 au 3 siku ya kwanza bila kijidudu chochote kuhusika. Kama huna homa, hutapiki na hakuna damu, punguza mawese, kunywa maji, ungoje.

Hatua ya 3: Kumchagua mama wa malewa

Malewa ndiyo migahawa yetu ya wananchi: bati, benchi, mbabula (majiko) 3 au 4 za makala, yaani mkaa, na mama mmoja anayeendesha kila kitu. Kwa usalama naiamini malewa nzuri kuliko bufee ya hoteli ya kawaida. Nina sababu.

Mara pekee niliyowekewa dripu ilitokana na harusi. Ukumbi ulikuwa na vitambaa vyeupe na taa za rangi. Wali ulipikwa asubuhi, kuku wakakaangwa mchana, na saladi ya mboga zilizokatwa vipande vidogo na kuchanganywa na mayonezi ilikaa mezani tangu bibi harusi hajafika. Alifika saa 3 usiku. Vimoto vidogo chini ya sahani za bufee vilikuwa vimezimika zamani. Nilikula, nikacheza, na kabla ya saa 7 usiku nilikuwa nimekumbatia ndoo. Wali uliokaa saa nyingi katika joto la chumba una bakteria wanaoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha wali tena. Kwa hiyo kanuni ya saa 2 ichukue kama ilivyo: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 bila moto wala baridi. Wakati wa joto kali, mwezi wa 9 na wa 10, mimi nahesabu saa 1.

Malewa haina nafasi ya kukaa na chakula. Mama hupika asubuhi, watu humiminika kuanzia saa 5 na nusu, na ikifika saa 8 sufuria zimekwanguliwa. Basi nenda wakati watu wanapojaa. Ukifika saa 10 jioni ukakuta bakuli moja la mwisho limefunikwa sahani, mwachie mwenyewe.

Ninapokula mimi ni karibu na soko la Kenya. (Ndiyo, Kenya. Hapa ni jina la komuni, yaani sehemu ya mji, na Wakenya wote hucheka.) Nikifika siketi. Nasimama kwanza karibu na mbabula nitazame. Mama akifunua sufuria ya maharage, mvuke unampiga usoni anageuza kichwa. Hiyo ndiyo dalili naitaka. Akifunua na usione mvuke, sufuria imepakuliwa motoni zamani. Naangalia anayepokea makuta, yaani pesa. Pale ni binti yake, amekaa pembeni na mfuko wa falanga, na mama hagusi noti hata moja. Noti za falanga ndogo zimepita mikono elfu, nyingine zimechakaa mpaka huoni maandishi, na mkono unaozihesabu ukirudi kufinyanga bukari ni balaa. Mahali ambapo mpishi yuko peke yake, mlipe baada ya kula, si kabla ya kupakuliwa.

Kisha natazama vyombo. Beseni 2, moja la sabuni na moja la kusuuza, ni kawaida. Tatizo ni rangi ya yale ya kusuuza. Yakiwa ya kijivu, sahani yako imeoshwa kwa chakula cha watu 40 waliokutangulia. Omba imwagiwe maji ya moto, au toa chombo chako, hakuna atakayekasirika. Na sahani ikija ina matone, usikubali ifutwe kwa kitambaa kile kinachoning'inia begani. Kitambaa hicho kimefuta benchi, kisu na pua ya mtoto.

Kunawa mikono ni vilevile. Kuna mahali unamiminiwa kwa jagi, maji yanaanguka chini: safi. Kuna mahali beseni linazunguka mezani na kila mtu anachovya. Hapo toa sabuni yako uende kwenye dumu. Bukari huliwa kwa mkono, kwa hiyo mkono wako ndio kijiko. Ukipika bukari kwa moto mkali halafu uimege kwa vidole vilivyotoka kwenye beseni la watu 10, moto umefanya kazi ya bure.

Maneno ya kutumia ni machache. Usiulize "Sombe ni ya leo?" maana hakuna mama duniani atakayejibu ni ya jana. Uliza, "Mama, mulipika saa ngapi?" kisha mwangalie. Kama bukari imepoa, sema kwa upole, "Mama, tia tena ku moto kidogo." Atakujibu, "Ikala, papa," yaani kaa, baba, na atairudisha. Mpe heshima ya "mama" hata kama ni mdogo kwako. Mteja anayefoka hupewa vya juujuu.

Hatua ya 4: Chakula chenyewe

Bukari haina shida. Unga wa mahindi, mara nyingi umechanganywa na wa muhogo, unapigwa kwenye maji yanayochemka. Sombe, majani ya muhogo, inahitaji jicho. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sayanidi, na inatoka kwa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Sombe iliyoiva ni laini, rangi yake imekolea hadi kuelekea kijani cheusi, huoni kipande cha jani kinachong'aa. Ikiwa bado kijani cha kung'aa na inakwaruza ulimi, iache. Muhogo mbichi wa kutafuna na karanga ni starehe yetu, lakini ukihisi uchungu ulimini tema, kwani aina chungu si ya kutafuna.

Michopo ndiyo jaribu kubwa la jioni: mbuzi wa kuchoma, kitunguu, pilipili, vyote juu ya karatasi. Nyama yenyewe ikitoka kwenye makaa ni salama. Tazama gogo la kukatia. Mkataji ana gogo moja la mti, na juu yake anakata mbuzi mbichi anayening'inia, kisha kwa panga hilohilo na gogo hilohilo anakukatia iliyoiva. Niliwahi kusimama nihesabu: mbichi, iliyoiva, mbichi, iliyoiva, na kati yake ni kufuta panga kwenye aproni. Siku hizi nasema, "Nikatie kwanza, halafu rudisha ku moto." Vipande vikishakatwa vinarudi kwenye makaa dakika chache mpaka mafuta yachuruzike na kulia, ndipo vinakuja kwenye karatasi. Kitunguu kibichi naacha. Mayonezi ikiwa kwenye pakiti iliyofungwa, sawa. Iliyo kwenye ndoo isiyo na jina, hapana. Kwa ndugu zetu Waislamu: nguruwe ni nyama ya kawaida hapa na huchomwa kwenye makaa yaleyale, kwa hiyo uliza "Ni nyama gani?" kisha uliza na waya wa kuchomea umepita nini. Wanaokula nguruwe nao wahakikishe imeiva hadi ndani, kwa sababu ya tegu.

Samaki anahitaji maelezo zaidi. Kuna wa kukaushwa: kapenta (dagaa) na bitoyo (samaki wa chumvi). Hao wana chumvi na mchanga kuliko hatari, waoshe kwa maji moto mara 2 na upike hadi wachemke. Kuna thomson, yule samaki wa bahari anayekuja kwa katoni akiwa ameganda, chakula cha kila nyumba. Thomson akiyeyuka na kukaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na histamini haifi kwa kukaangwa. Dalili huja ndani ya saa 1 au mapema zaidi: uso kuwa mwekundu na wa moto, kichwa kugonga, mwili kuwasha, moyo kwenda mbio. Umeme hapa hukatika, na friza ikizimika usiku mzima thomson huyeyuka, kisha huganda tena asubuhi. Ukinunua mwenyewe angalia katoni: samaki walioganda vizuri wametengana na wamenyooka, waliowahi kuyeyuka wameshikana donge moja, wamepinda, na chini kuna barafu ya rangi ya damu. Ukiwa kwenye malewa, ukimwonja ukahisi ulimi unachomwa kama umelamba pilipili wakati mchuzi hauna pilipili, weka chini.

Sasa vinkubala. Ni viwavi vya miti ya msituni, vina protini nyingi, na hupatikana vibichi mvua zikishaanza, vikavu mwaka mzima. Vizuri vimekamuliwa matumbo, vimeoshwa, vimechemshwa, ndipo vikakaangwa na kitunguu na nyanya. Kikavu kizuri hukatika kwa mlio. Kikiwa laini au na ukungu mweupe, kimehifadhiwa kwenye unyevu. Onyo moja la kweli: kama kamba wa baharini hukuwasha au kukuvimbisha midomo, viwavi vinaweza kukufanya vivyo hivyo. Watu wa pwani wenye mzio wa kamba wanaujua, lakini hawafikirii kuuhusisha na mdudu wa mtini.

Chikanda huuzwa vipande kama keki ya kahawia. Hutengenezwa kwa viazi vya okidi za porini vilivyotwangwa na karanga. Imepikwa, ila huliwa baridi na hukatwa kwa mkono, hivyo nunua asubuhi na chagua kipande cha ndani, bado hakijakatwa. Kachumbari na saladi mbichi ziache hadi urudi kwenu.

Uyoga unataka nidhamu. Mwezi wa 12 hadi wa 2 barabara zinajaa watoto walioshika uyoga, na kuna ule wa vichuguu ambao kofia yake inaweza kufikia karibu mita 1, mtu anaubeba kama mwavuli. Ni mtamu kama kuku. Kula ukiwa nyumbani kwa mtu wa hapa aliyeuokota au anayemjua muuzaji wake. Usinunue njiani ukajipikia. Uyoga wenye sumu kali haupungui sumu kwa kuchemshwa, na dalili huchelewa saa 6 hadi 24. Mtu hutapika, hupata nafuu, hudhani amepona, kumbe ini linakwisha.

Nyama ya pori, hata iliyokaushwa kwa moshi, mimi siigusi na simshauri mgeni. Ebola na mpox zimetokea katika nchi hii kupitia wanyama, na huwezi kujua aliyemchuna alimkuta mzima au mfu.

Matunda ni rahisi: unalolimenya mwenyewe, kula. Maembe, parachichi, ndizi. Masuku ya msituni yaoshe kabla ya kuyafyonza, kwani yaliokotwa chini. Muwa uliomenywa na kukatwa vipande ndani ya mfuko ndio wa kuogopa, kwa kuwa muuzaji huunyunyizia maji kila baada ya muda uonekane mbichi, na maji hayo ni ya dumu. Watu pia huniuliza juu ya vumbi la migodi kwenye mboga. Hilo ni suala la sisi tunaoishi hapa miaka. Kwa wiki yako 1, osha tu majani vizuri.

Hatua ya 5: Mayi

Hapa tunasema mayi, si maji. Kuna ya bomba, ya kisima kifupi, ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, ya sashe na ya chupa. Usitofautishe ya kwanza matatu kwa macho, yote yanaweza kung'aa. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96, na hiyo inatosha kabisa kuua vijidudu (ila maharage yatachelewa kidogo, usimlaumu mpishi). Ukitumia kidonge cha klorini, soma kiasi kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, la sivyo klorini itaishia kwenye tope.

Chupa ya maji lazima ilie kifuniko kikivunjika. Isipolia, imejazwa upya. Sashe ikamue: ikitoa hata tone, rudisha, na usiikate kwa meno kabla hujaifuta. Barafu sasa. Kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu, na vikiyeyukia kwenye juisi yako vinaamka. Soda baridi kutoka kwenye chupa ni bora kuliko glasi yenye vipande vinavyogongana. Mswaki nao utie maji ya kunywa.

Munkoyo kila mgeni ataonjeshwa. Uji wa mahindi hupikwa, ukapoa, ndipo hutiwa mizizi ya munkoyo inayoulainisha na kuufanya mtamu, baadaye mchachu. Uji ulipita motoni, lakini mizizi haikupita, wala maji ya kuongezea, wala kikombe kile kimoja kinachozungushwa. Ukialikwa nyumbani kwa watu na umeona wametumia maji yaliyochemshwa, kunywa na ushukuru. Kwenye ndoo ya kando ya njia, pita. Lutuku, pombe yetu ya kukeneka, usiionje hata kwa mzaha. Ikiharibika huwa na methanoli, na anayeinywa anaweza kuanza kuona ukungu machoni siku ya pili, kisha asione kabisa.

Hatua ya 6: Kwa madereva walio kwenye foleni

Kasumbalesa unaweza kukaa siku nyingi kabla ya karatasi kutoka, na hapo ndipo wengi huugua. Ugali wa jana umefungwa kwenye mfuko ndani ya kabini yenye joto, mboga ndani ya chungu kilichofunikwa tu, maji ya dumu lililowahi kuwa la dizeli. Pika kinachokwisha kwa mlo mmoja. Bakisha vikavu: mchele, kapenta, maharage, unga. Yai ukilipika lichemshe hadi kiini kigande. Vyoo ni vichache, kwa hiyo dumu dogo lenye sabuni lifungwe kwenye mlango wa lori, si ndani ya kisanduku ambako halifikiki.

Hatua ya 7: Likikupata hata hivyo

Hesabu saa, zitakusaidia kujua. Ukitapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula, huenda ni sumu ya chakula kilichokaa, na mara nyingi huisha kabla siku haijakwisha. Kuharisha kunakoanza baadaye, bila damu wala homa, kwa kawaida huondoka kwa siku 3 hadi 5. Dawa yake kubwa ni maji. Pakiti ya chumvichumvi kwenye lita 1 ya maji salama, au kama huna, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, kwenye lita 1. Kunywa kikombe kila ukitoka chooni. Ukitapika, ngoja dakika 10, uanze tena kwa kijiko kijiko. Endelea kula. Bukari laini, ndizi na uji havina kosa.

Vidonge vya kufunga choo vina mahali pake, kwa mfano una safari ya basi kesho, lakini usivimeze ukiwa na homa au damu, na usimpe mtoto mdogo. Antibayotiki usinunue kwa kuonyesha kidole kwenye duka la dawa.

Homa ikikushika, usiseme ni chakula. Pima malaria kwanza, siku hiyohiyo. Nimempeleka mgeni aliyekunywa dawa za taifodi siku 4 kwa kufuata ushauri wa wenzake kambini, damu ilipopimwa ilikuwa malaria imejaa. Na ukiambiwa una taifodi kwa kipimo kimoja cha haraka cha Widal, uliza kama wanaweza kuotesha damu, yaani kutafuta vijidudu vyenyewe maabara, maana kipimo hicho hudanganya sana.

Usingoje nyumbani kama choo kinatoka kama maji ya kuoshea mchele na hakikomi: huo unaweza kuwa kipindupindu, na mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa ndani ya saa chache. Usingoje pia ukiona damu, ukikosa mkojo tangu asubuhi, macho yakizama, ukichanganyikiwa, au ukiwa mjamzito. Mtoto mchanga apelekwe mapema kuliko wewe.

Beba dola ambazo hazijachanika kwa ajili ya amana ya hospitali. Ongea Kiswahili tu: "Niko nahara tangu jana, niko natapika." Muuguzi atakuelewa na ataandika Kifaransa mwenyewe. Mpe karatasi yenye ulivyokula na kunywa siku 3 zilizopita, pamoja na saa. Wageni wangu wakiandika karatasi hiyo huanza na sombe, wakafuata vinkubala hata kama waliviangalia tu. Barafu lazima niwakumbushe mimi.